Ukomo wa mishahara: fedha inayolipwa na fedha inayohesabiwa

Ukomo wa mishahara ni kiwango cha juu ambacho ligi inaiwekea timu katika kuwalipa wachezaji wake kwa msimu mmoja. Kwenye NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, kiwango hicho ni kimoja kwa timu zote 32, tajiri na maskini. Kilipoanza mwaka 1994 kilikuwa dola milioni 34.6. Msimu wa 2025 kilifika dola milioni 279.2.

Wanaofuatilia NFL hapa Mwanza ni wa kuhesabu. Super Bowl yenyewe, fainali ya ligi hiyo, inaanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, na Jumatatu mtu ana kazi. Lakini ukikaa kijiwe chochote jirani na Uwanja wa CCM Kirumba wakati wa dirisha la usajili, hausubiri sana kabla mtu hajasema TFF, shirikisho la soka nchini, iweke ukomo ili Simba na Yanga ziache kukomba wachezaji wa wenzao. Anayesema hivyo mara nyingi anafikiri ukomo ni ukuta: una kiasi fulani, ukikimaliza basi. Ukomo wa kweli una milango mingi, na mahali pazuri pa kuiona ni huko huko Marekani, kwa sababu ndiko sheria imebana kuliko kwingine na ndiko watu wamekuwa mafundi wa kuishi nayo.

Kwanza, namba yenyewe haitolewi hewani. Wamiliki wa timu na chama cha wachezaji wamekubaliana kwamba wachezaji wapate takribani asilimia 48 ya mapato ya ligi nzima, na sehemu kubwa ya mapato hayo ni haki za televisheni ambazo zinauzwa kwa pamoja na kugawanywa sawa. Mapato yakipanda, ukomo unapanda. Yakishuka, unashuka: viwanja vilipofungwa kwa sababu ya korona, ukomo uliporomoka kutoka dola milioni 198.2 mwaka 2020 hadi milioni 182.5 mwaka 2021. Kuna na kiwango cha chini, maana bila hicho mmiliki bahili angejaza uwanja na kuwalipa vijana senti. Na kila mkataba unapitia ligi kabla haujakubaliwa. Timu ikizidisha, karatasi inarudi.

Sasa tuingie penye utamu wenyewe. Timu inaweza kumlipa mchezaji dola milioni 22 mwaka huu na kwenye hesabu ya ukomo ikaandikiwa milioni 7 tu. Hakuna wizi hapo. Kanuni inasema mshahara unahesabiwa mwaka ule unaolipwa, lakini fedha ya kusaini, hata ikilipwa yote siku ya kumwaga wino, inagawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba, isizidi mitano.

Chukua mchezaji wa kubuni tu, mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 40. Milioni 20 anapewa siku ya kusaini. Zinazobaki ni mishahara: milioni 2 mwaka wa kwanza, 4 wa pili, 6 wa tatu, 8 wa nne. Zile 20 za kusaini zinakatwa vipande vinne vya milioni 5. Kwa hiyo ukomo unahesabu 7, kisha 9, kisha 11, kisha 13. Jumla ni 40 zilezile, hakuna hata senti iliyopotea. Kilichobadilika ni tarehe. Mwaka wa kwanza mchezaji ana milioni 22 benki, na meneja ana nafasi ya kusajili beki mwingine kwa sababu kitabu kinaonyesha 7.

Meneja wa namna hiyo anaonekana mjanja mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu ndipo inapojulikana.

Tuseme mchezaji ameshuka kiwango, na baada ya misimu miwili timu inataka kumtema. Mshahara wa milioni 6 hautalipwa, kama haukuwa umehakikishwa. Lakini kwenye zile fedha za kusaini kuna vipande viwili havijahesabiwa bado, milioni 10. Mtu akiondoka, vipande vyote vilivyobaki vinaruka na kutua kwenye mwaka huo huo. Ukimbakiza unahesabiwa 11, ukimfukuza unahesabiwa 10. Umepoteza mchezaji na umepata nafasi ya milioni moja! Hiyo 10 ndiyo inayoitwa fedha mfu: inakula ukomo wako wakati mwenyewe hayupo uwanjani.

Niliwahi kumweleza mzee mmoja anayefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, shabiki wa Pamba, timu ya hapa Mwanza, tangu ujana wake, akanikatiza.

"Mwanangu, mtu ameshaondoka. Anakula vipi tena?"

"Babu, hela alishakula siku anasaini. Sasa hivi ndiyo inaandikwa."

Akafikiri kidogo, halafu akasema, "Kama injini." Na ni hivyo hasa. Mwenye mtumbwi ananunua injini kwa milioni 12 taslimu, na kichwani mwake anaipangia misimu minne, kila msimu dagaa warudishe milioni 3. Injini ikizama ziwani baada ya msimu wa pili, hakuna anayekuja kumdai, alishalipa. Ila zile milioni 6 alizozipangia misimu inayokuja zinamwangukia zote siku hiyo, na samaki hakuna.

Kuna upenyo. Timu ikimwacha mchezaji baada ya Juni 1, au ikimwacha mapema lakini kwa kumtangaza hivyo, kipande cha mwaka huu kinahesabiwa mwaka huu na vinavyobaki vinasogezwa mwaka unaofuata. Kwa mchezaji wetu itakuwa 5 na 5, na nafasi inayopatikana mwaka wa tatu inakuwa milioni 6 badala ya moja. Denver Broncos walitumia mlango huo Machi 2024 walipomwacha Russell Wilson, mrushaji mipira wao mkuu. Mwaka 2022 walimpa mkataba mpya wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 242.6. Alicheza misimu miwili tu. Fedha mfu yake ilikuwa dola milioni 85, nyingi kuliko ya mchezaji yeyote kabla yake, ikagawanywa takribani milioni 53 kwa mwaka 2024 na 32 kwa 2025. Wilson akaenda Pittsburgh kwa mshahara wa kima cha chini, dola milioni 1.21, kwa sababu Denver walikuwa bado wanamlipa milioni nyingine zilizohakikishwa.

Ungedhani Denver wangezama. Msimu huo huo wa 2024 wakaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu walipotwaa ubingwa wa msimu wa 2015. Waliyemweka pale nyuma kurusha mipira ni Bo Nix, kijana aliyetoka chuo kikuu mwaka ule ule.

Hapo ndipo kuna siri ambayo kwangu mimi ni kubwa kuliko ujanja wote wa mikataba. Tangu makubaliano ya mwaka 2011, mishahara ya wachezaji wanaotoka vyuoni imepangwa kwa ngazi kufuatana na nafasi waliyochaguliwa timu zinapochagua vijana kwa zamu, kwa mkataba wa miaka minne, na hakuna ruhusa ya kuufungua upya kabla misimu mitatu haijaisha. Brock Purdy, mrushaji mipira, alichaguliwa mwaka 2022 akiwa wa mwisho kabisa, wa 262. Msimu wa 2023 aliiongoza San Francisco 49ers hadi Super Bowl kwa mshahara wa dola 870,000, wakati warushaji wenzake wa kiwango chake walikuwa wanahesabiwa makumi ya mamilioni. Tofauti ile timu iliitumia kuwalipa nyota wengine. Mei 2025 muda wake ukafika: miaka mitano, dola milioni 265. Tangu hapo 49ers ni timu nyingine kabisa kwenye karatasi. Kipindi kile kijana ni mzuri na bado ni rahisi ndicho timu zinachokipigania, na hakidumu.

Ujanja mwingine uko mwingi, nitautaja haraka. Timu inaweza kuupanga upya mkataba katikati. Yule mchezaji wetu, mwaka wa tatu, anageuziwa milioni 4 za mshahara wake wa 6 kuwa fedha ya kusaini. Anazipokea leo, hana sababu ya kukataa. Kwenye kitabu zinakatwa vipande viwili: mwaka wa tatu unashuka kutoka 11 hadi 9, wa nne unapanda kutoka 13 hadi 15. Ukiona kichwa cha habari kinasema nyota fulani "ameisaidia timu" kwa kukubali mkataba upangwe upya, ujue mara nyingi hakupunguza kitu. Amelipwa mapema.

Halafu kuna miaka hewa. Tulikuwa na wafanyakazi hewa, wenzetu wana miaka hewa: mkataba unaandikwa wa miaka mitano, pande zote zikijua kwamba miwili ya mwisho itajifuta yenyewe. Kazi yake ni kuongeza idadi ya vipande. Mkataba ukijifuta, vipande vya miaka hewa vinatua kwa mkupuo, fedha mfu tena. Bonasi za mafanikio nazo zina kanuni yake: kama mwaka jana alifikia lengo hilo, inahesabiwa tangu sasa, kama hakulifikia, inasubiri, na akilifikia inakatwa mwaka unaofuata. Na mchezaji akihamishiwa timu nyingine, vipande vya fedha ya kusaini vinabaki kwa timu aliyotoka, mshahara unahamia kwa aliyempokea.

Nafasi ambayo timu haikuitumia mwaka huu inaweza kuibeba kwenda mwaka ujao. Wachache wanaitaja hiyo, labda kwa sababu kuweka akiba hakuleti kichwa cha habari.

Kwenye soka, mambo ni tofauti. MLS ya Marekani ina ukomo, lakini mwaka 2007 ilitoboa tundu ili LA Galaxy imsajili David Beckham, na leo kila timu inaruhusiwa wachezaji hadi watatu ambao malipo yao yanazidi kiwango bila kuhesabiwa yote. Hispania kila klabu ina ukomo wake, unaotokana na mapato yake na madeni yake. Ndicho kilichomtoa Lionel Messi Barcelona Agosti 2021. Klabu ilitaka, mchezaji alitaka, lakini mkataba mpya usingesajilika. England hakuna ukomo wa moja kwa moja, ila mwaka 2023 kulikuwa na mipaka ya hasara, na Chelsea walicheza mchezo uleule wa vipande: walimsajili Enzo Fernández Januari 2023 kwa miaka minane na nusu ili ada ya uhamisho igawanyike kwa miaka mingi. UEFA ikaziba mwaka huo huo, mwisho miaka mitano. Kanuni ya UEFA ya sasa inataka gharama za kikosi, yaani mishahara, uhamisho na mawakala, zisizidi asilimia 70 ya mapato.

Je, Ligi Kuu yetu? Mimi sioni ukomo wa namna ya NFL ukisimama hapa. Kule hakuna kushuka daraja. Pamba, TP Lindanda, mabingwa wa mwaka 1990, walishuka na kukaa nje zaidi ya miaka 20 kabla ya kurudi msimu wa 2024/25. Timu inayoona shimo chini yake haiwezi kukaa inapanga hesabu za mwaka wa nne. Kule pia hakuna mashindano ya bara. Ukiibana Simba au Yanga, Jumamosi ijayo inakutana na Al Ahly ya Misri ambayo haijabanwa na yeyote. Halafu kuna chungu cha pamoja. Azam Media ilisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa kurusha ligi, wa Sh225.6 bilioni, fedha nzuri kwa soka letu, lakini klabu kubwa zina wadhamini na wafadhili wao pembeni, na hapo ndipo nguvu yao ilipo.

La mwisho ndilo zito. Ukomo unahesabu kilichoandikwa. Kwetu mchezaji anaweza kupewa nyumba na gari, akafungua bahasha chumba cha kubadilishia nguo baada ya mechi, na vyote vikatoka mfukoni mwa mfadhili bila kupita kwenye mkataba. Ungeweka ukomo kesho asubuhi, jioni bahasha zingekuwa nene zaidi.

Kanuni ya asilimia ya mapato ingetufaa zaidi, kwa sababu inamwambia kila mmoja asiahidi asichonacho. Shida ya wachezaji wengi wa timu ndogo haijawahi kuwa kwamba wenzao wa Dar es Salaam wanalipwa mno. Ni kwamba mwezi umeisha na simu haijaita muamala. Kwa hilo kanuni tayari ipo, ya FIFA: klabu ikikaa na mishahara ya miezi miwili bila kulipa, mchezaji anaiandikia kudai, anaipa siku 15, na isipolipa ana haki ya kuvunja mkataba. Ila lazima aandike. Kumlalamikia katibu wa klabu kwa mdomo hakuhesabiki.