Picha za utupu za kisanaa, watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Kila nikitaja picha za utupu zinazopigwa kwa kufuata michoro ya zamani ya Ulaya, hakosi mtu wa kusema "hiyo si ponografia tu imepewa jina zuri?" Hapana jamani. Chukua ile ya 1924 ya Man Ray, mpiga picha Mmarekani aliyekuwa Paris: modo wake Kiki wa Montparnasse kakaa katupa mgongo, kilemba kichwani, mikono kaificha mbele, na mgongoni kuna yale matundu mawili ya violini. Pozi hilo limetoka kwa Ingres, mchoraji wa Kifaransa, kwenye mchoro wake wa 1808 wa mwanamke anayeoga, uko makumbusho ya Louvre, Paris, mpaka leo, na Ingres mwenyewe alikuwa anapiga violini, ndo maana Wafaransa wakisema "violini ya Ingres" wanamaanisha kitu unachokipenda nje ya kazi yako, na Man Ray akaipa picha jina hilohilo. Picha inakutaka ufikiri, haikutaki uchungulie.

Halafu wengi wanadhani yale matundu alichorwa Kiki kwenye ngozi. Hakuchorwa. Man Ray aliyaongeza kwenye picha baada ya kumpiga. Nakala ya mwanzo iliuzwa mnadani New York 2022 kwa dola milioni 12.4.

Lingine, eti wapiga picha wanaiga tu wachoraji. Mbona wachoraji nao walichukua kwa wapiga picha? Mwaka 1854 Paris, Delacroix, mchoraji mkubwa kabisa wa enzi zile, aliwapanga mamodo mwenyewe, Eugène Durieu akawapiga picha, wanaume kwa wanawake, kisha Delacroix akawa anafanyia mazoezi ya kuchora kwa zile picha miaka na miaka, na mchoro wake wa 1857 uitwao Odalisque, wa mwanamke wa nyumba ya masuria, umetokana na mojawapo.

Na hili la kwamba modo lazima awe na mwili usio na kasoro ndo linaniuma zaidi, maana linawafanya watu wauchukie mwili wao bure. Huyohuyo Delacroix, 1853, aliwaonyesha wageni wake picha za mamodo walio uchi, wengine maumbo yao hayakuwa ya kusifiwa hata kidogo, halafu akawawekea michoro ya Marcantonio, fundi Mwitaliano wa zamani wa kuchonga michoro ya kuchapa, aliyeheshimika karne kadhaa. Wote wakaona michoro ya Marcantonio ndiyo iliyokosewa! Mwili wa kweli, na mapungufu yake, ukaushinda ule wa kubuni.

Mambo ya mataa ya bei mbaya wala yasikutishe. Dirisha moja la ubavuni, kitambaa cheusi upande wa pili kinyonye mwanga, shuka la kukunjakunja, inatosha. Kinachokula muda ni mazungumzo na modo kabla kamera haijatoka kwenye begi, awe mtu mzima, mwandikiane picha zitaenda wapi, na akisema basi ni basi, hata kama mwanga ndo kwanza umekaa vizuri.