Kutafuta ukoo wa Kiayalandi baada ya nyaraka kuungua

Wengi wanaotujia kutafuta babu zao wa Ayalandi huwa wameshakata tamaa, kwa kuwa wameambiwa nyaraka zote ziliteketea. Si zote. Ni kweli kwamba tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Dublin, mlipuko na moto viliangamiza jengo la nyaraka la Four Courts. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliungua karibu zote, na wosia nyingi pia. Zile za 1861 hadi 1891 zilikuwa zimeshaharibiwa na serikali yenyewe. Zilizosalia nzima ni za 1901 na 1911, na kuzisoma mtandaoni ni bure.

Lakini kuna karatasi ninazozipenda kuliko zote. Mwaka 1909 wazee waliotimiza miaka 70 walianza kulipwa pensheni. Cheti cha kuzaliwa hawakuwa nacho, maana usajili wa vizazi vyote ulianza 1864. Basi mzee alitaja majina ya wazazi wake na mahali walipoishi mwaka 1841 au 1851, na karani akaenda kumtafuta katika sensa ya mwaka huo. Alichokiona alikinakili kwenye fomu: baba, mama, watoto na umri wao. Sensa ikaungua, fomu zikabaki. Leo unaweza kumkuta bibi kizee wa 1910 akiwa mtoto mchanga nyumbani kwao, kabla njaa kuu haijawatawanya.

Ila umri usiuamini sana. Linganisha sensa ya 1901 na ya 1911, utaona watu waliozeeka miaka 15 ndani ya miaka 10.

Jambo la kushika kwanza ni kitongoji. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, na bila kukijua chako, jina kama John Murphy halikufikishi popote. Kitafute huko ukoo ulikohamia: kwenye jiwe la kaburi, cheti cha ndoa ya kanisani, barua za zamani, hata kwenye kumbukumbu za ndugu wa babu yako. Ukikipata, fungua daftari la uthamini wa ardhi la Griffith, la 1847 hadi 1864. Humo wamo waliokalia ardhi na nyumba, kitongoji kwa kitongoji. Wake na watoto hawakuandikwa.

Kisha nenda parokiani. Vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki havikuwemo kwenye moto ule, na vingi, hadi mwaka 1880, vinaonekana bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ayalandi. Vingi viliandikwa kwa Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Msiruke majina ya wasimamizi wa ubatizo, ndugu zangu. Mara nyingi walikuwa shangazi na wajomba, na mwanamke aliyesimamia watoto wawili watatu wa nyumba moja huenda ndiye dada wa mama yao, mwenye jina la ukoo mliokuwa mkiutafuta.