Je, wajua? Ngazi za Mabatini hazikondeshi kama nilivyodhani

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu la haraka kila mtu aliponiuliza kwa nini wanawake wa Dar es Salaam ni wanene kuliko wa huku Kanda ya Ziwa. Nilikuwa namwonyesha vilima vya Mabatini, Igogo na Bugarika hapa Mwanza, nyumba zimepanda juu ya mawe kama mbuzi, kisha namwambia: "Panda ngazi za hapo mara mbili kwa siku na ndoo kichwani, halafu uniambie kitambi kitatokea wapi." Samaki niliwaongezea pembeni, kama kachumbari. Wasikilizaji waliridhika. Jibu lilikuwa na kasoro moja tu, nayo ni Kilimanjaro.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2015-16 uliwapima wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchi nzima. Asilimia 28 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Kipimo chake ni kilo ugawanye kwa urefu wa mita uliojizidisha wenyewe. Ukipata 25 kwenda juu, umeingia kwenye hesabu. Mwanamke wa mita 1.60 anaingia akifika kilo 64. Mikoa mingi ya kanda yetu ilikuwa chini ya wastani wa taifa. Walioongoza, karibu nusu ya wanawake waliopimwa, ni Dar es Salaam, Mjini Magharibi kule Unguja, na Kilimanjaro. Naam, Kilimanjaro, mkoa ambao ukitumwa chumvi unapanda au unashuka. Na wao chakula chao ni ndizi, si wali wa nazi, kwa hiyo hata lawama yangu ya pili kwa watu wa Pwani, kwamba nazi ndiyo inayowanenepesha, ilianguka siku hiyohiyo.

Nikaketi kupiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema. Chukua mama wa kilo 60 mwenye ndoo ya lita 20 kichwani, anapanda kimo cha mita 60. Kuinua kilo 80 hadi huko ni kazi ya fizikia ya sekondari. Misuli yetu hutumia vizuri kama robo tu ya nishati inayochoma, robo tatu huishia kuwa joto, ndiyo maana anafika juu ametota jasho. Ukijumlisha yote, safari hiyo imemgharimu kama kalori 45. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama 120. Yaani apande karibu mara tatu, na ndoo, ili kulipia kijiko kimoja. Nilirudia hesabu mara mbili nikitumaini nimekosea.

Inashangaza kwa sababu jasho linatudanganya. Fikiria bodaboda iliyowashwa kijiweni tangu asubuhi bila kuzimwa hata mara moja. Abiria akija, dereva anavuta mafuta, pikipiki inanguruma, inapanda mlima kwa dakika tano, inarudi kijiweni. Kelele zote ulizisikia kwenye ule mlima, lakini petroli nyingi imeisha pale kijiweni, polepole, kwa masaa ishirini na mengineyo. Mwili nao haujui kuzima: moyo, ini, ubongo, figo na viungo vingine kwa pamoja hula kalori elfu moja na mia kadhaa kwa siku hata ukilala chali. Mlima ni zile dakika tano.

Basi nikahamia kwenye jembe na kasia. Hizo si dakika, ni masaa. Mkulima wa Magu au mvuvi wa Ukerewe hawezi kulinganishwa na karani. Hapa napo nilikuta kigingi. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30, wawindaji na wachuma matunda wa kando ya Ziwa Eyasi, wanaume wakitembea kama kilometa 11 kwa siku na wanawake karibu 6. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mwili uliozoea kazi hubana matumizi mahali pengine. Ni watu 30, wa jamii moja, kwa hiyo sisemi kwamba jembe halina maana. Nasema limepungua uzito katika hoja yangu.

Kilichobaki ni sahani. Kiazi kilichochemshwa, gramu mia, kina kama kalori 85. Kikatwe, kizamishwe kwenye karai, gramu mia za chipsi zinafika kama 300. Maji yametoka yakiwa mvuke, mafuta yameingia, na sehemu kubwa huingia baada ya kuopolewa, chipsi zinapopoa. Muhogo nao ni hivyohivyo, na sangara pia. Kijijini ziwani kiazi kitamu kinaishia kuwa michembe au matobolwa, yaani vipande vilivyokaushwa, dagaa wanachemshwa; mjini kila kitu kinapitia karaini. Utafiti ule haukupima mafuta kwenye sahani ya mtu, ila ulionyesha unene unapanda kadiri kaya inavyokuwa na uwezo, na kwamba wa mjini wanawazidi wa vijijini kama mara mbili. Hilo linaielezea Dar vizuri. Kilimanjaro inaielezea nusunusu, na nusu iliyobaki huenda ni umri, maana uzito hupanda na miaka.

Chini kabisa ya zile ngazi nilizokuwa nikizisifu pana kibanda cha chipsi mayai. Jioni foleni huwa ndefu, na karibu wote waliosimama pale wanajiandaa kupanda.