“Mtafutie hata League Two”: winga wa madaraja ya chini Uingereza, yasemwayo na yalivyo

Jumapili asubuhi nimefungua simu nikakuta ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka Tanga. Ni mjomba wa kijana mmoja. Kijana ana miaka 20, winga wa kulia, ana mbio, ndondo ya mtaani kwao kaibeba karibu peke yake. Mjomba mwenyewe hana makuu. “Sisi hatutaki Arsenal, kaka. Mtafutie hata League Two aanzie pale, kupanda atapanda mwenyewe.” Ni ujumbe wa sita wa aina hiyo mwezi huu, na ile “hata League Two” imo kwenye yote sita. League Two ni daraja la nne la soka la Uingereza. Mimi ni wakala mwenye leseni, nafanya kazi na madaraja ya chini ya Uingereza, na kati ya yote ninayoambiwa, hiyo “hata” ndiyo inayonichosha.

“Aanzie chini, huko kuingia ni rahisi”

Watu wanaliona soka la Uingereza kama ghorofa. Huwezi kuingilia juu, basi pita mlango wa chini halafu panda ngazi. Kwa kijana aliyezaliwa Stockport, sawa. Kwa kijana mwenye pasipoti ya Tanzania anayetokea Tanga, mlango wa chini ni mwembamba kuliko wa juu, na ukishuka zaidi hukuti mlango, unakuta ukuta.

Shida ni kibali. Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, mchezaji asiye na pasipoti ya Uingereza au Ireland, wala haki nyingine ya kufanya kazi kule, lazima apate idhini ya FA, chama cha soka cha kule, kabla hata ya kuzungumzia viza. FA wanahesabu pointi: mechi za timu ya taifa, dakika ulizocheza ligi, mashindano ya bara, na ngazi ya ligi ya klabu unayotoka. Zinatakiwa 15. Anayecheza mara kwa mara kwenye timu ya taifa iliyomo 50 bora za FIFA anaweza kupita moja kwa moja. Tanzania na Kenya tunazungukia huko nje ya 100. Ligi za dunia wamezipanga makundi sita, na zetu haziko popote karibu na juu. Usinijibu kwamba Ligi Kuu Bara imekuwa kali siku hizi. Najua, naiangalia. Jedwali la FA haliangalii.

Mwaka 2023 wakalegeza kidogo: klabu ikaruhusiwa kusajili wachache ambao hawafikishi pointi. Premier League na Championship, daraja la pili, zinaweza kufikia nafasi nne. League One, daraja la tatu, na League Two, mbili. Na hata hizo zina masharti yake. Sasa kaa kwenye kiti cha kocha wa League Two mwenye nafasi mbili, bajeti nyembamba na mechi 46 za ligi mbele yake. Utampa moja kijana ambaye hujawahi kumwona akikaba kwenye mvua?

Chini ya League Two, yaani National League na kushuka, klabu haiwezi kukuombea idhini hiyo. Ndiyo maana mtu akiniambia “basi hata daraja la tano” nashindwa nicheke au nikate simu. Na aliye chini ya miaka 18 asisumbuke kabisa. Tangu mabadiliko yale klabu za Uingereza haziruhusiwi kusajili watoto kutoka nje.

Hapo ndipo ninapoulizwa: mbona Haji Mnoga wa Taifa Stars amecheza huko? Mbona Allarakhia? Haji amezaliwa Portsmouth na amelelewa kwenye akademi ya Portsmouth. Tarryn Allarakhia, winga hasa, ni mzaliwa wa London, amepita Crawley, na alipoitwa Taifa Stars kwa AFCON iliyochezwa mwanzoni mwa 2024 alikuwa Wealdstone, klabu ya National League. Adi Yussuf, naye aliyewahi kuichezea Taifa Stars, kazaliwa Zanzibar, lakini mpira wake umekulia Leicester. Wote hao wameshuka na kupanda madaraja ya chini kwa sababu wako nyumbani. Hawakuombewa kibali.

Tazameni sasa aliyetoka kwetu kweli. Mbwana Samatta alitoka Simba akaenda TP Mazembe, Lubumbashi, kisha Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Aston Villa wakamchukua Januari 2020. Akaingia moja kwa moja Premier League, na kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi, Bournemouth, akafunga. League Two hakuikanyaga. Njia yake ilipita Kongo na Ubelgiji, na mpaka leo kijana mwenye kipaji akinijia namwelekeza huko huko. Wengine wananuna. Ubelgiji haina jina kijiweni.

Kinachoniuma zaidi ni matapeli wanaokula humu humu. Familia moja iliniletea barua ya “majaribio” yenye nembo ya klabu, imepigwa muhuri, na anwani ya barua pepe ni ya bure kama yako na yangu. Walikuwa wameshauza kiwanja. Klabu inayokutaka haikutumii namba ya M-Pesa. Na mawakala wenye leseni wanaorodheshwa na FIFA mtandaoni. Tafuta jina kabla hujatuma hata nauli.

“Winga ni mbio”

Mbio wanazo wote. Kila msimu akademi za klabu kubwa zinaachia vijana wa miaka 18 hadi 21 waliofundishwa tangu wakiwa watoto wadogo, na wengi wao wanamwagikia madaraja haya haya. Kwa mbio tu huwashindi.

Halafu timu nyingi za huku zinacheza mabeki watatu wa kati, na mfumo huo hauna winga. Kuna beki wa pembeni anayetakiwa kuwa kila mahali. Januari iliyopita nilikwenda Jumanne usiku kumwangalia mteja wangu mmoja. Baridi inauma, uwanja mzito, glavu kavaa, soksi kashusha. Dakika ya kumi kamtoka beki kwa chenga tamu, krosi ikapita mbele ya goli, watu wakasimama. Dakika ya 30 mpira ukapotea katikati, yeye akabaki mbele mikono kiunoni anamlalamikia refa. Mtu aliyetakiwa kumkaba akakimbia mita 60 bila kukabwa na bao likafungwa. Mapumziko hakurudi. Kwenye gari akaniuliza, “Ila ile krosi uliiona?” Niliiona. Kocha naye aliziona mita 60.

Clarke Oduor, mzaliwa wa Siaya aliyelelewa na akademi ya Leeds, amechezeshwa kiungo, winga na beki wa kushoto. Julai 2020, siku ya mwisho ya msimu, aliingia akitokea benchi na kufunga dakika za nyongeza dhidi ya Brentford. Bao lile liliibakiza Barnsley Championship. Anayekataa kucheza beki namkumbusha hilo.

“Kapelekwa kwa mkopo, basi wamemtupa”

Yannick Bolasie, yule winga teleza wa DR Congo, alianzia Hillingdon Borough isiyokuwa hata kwenye ligi za kulipwa, akacheza Malta, akasajiliwa Plymouth, na Plymouth wakampeleka Barnet kwa mkopo mara mbili. Barnet ilikuwa League Two. Baadaye Crystal Palace, baadaye Everton. Mkopo mbaya ni ule wa kwenda kukaa benchi la watu wengine. Uliza kwanza ni nani anayecheza upande wako kule.

“Kuhama kila mwaka ni dalili ya utovu wa nidhamu”

Ni dalili ya mikataba mifupi. Mwaka mmoja, miwili, na inaisha 30 Juni. Msimu ukiisha, Mei, klabu inatangaza orodha ya wanaobaki na wanaoachwa, na winga mwenye mke na mtoto analisoma jina lake pamoja na mashabiki. Julai anafanya mazoezi peke yake bustanini. Agosti yuko mji mwingine, kapanga nyumba ya miezi sita. Na huo mshahara mnaomhesabia mnauchukua kwenye magazeti ya Premier League.

“Akifika 20 hajatoka, kwisha”

Jarrod Bowen, winga Mwingereza, alikuwa Hereford, klabu iliyofungwa na mahakama Desemba 2014, miezi michache baada ya yeye kwenda Hull. West Ham ya Premier League walimchukua Januari 2020, umri miaka 23. Miaka mitatu baadaye akafunga bao la ushindi la fainali ya Europa Conference League kule Prague dhidi ya Fiorentina. Miaka 20 hainitishi hata kidogo.

Kinachonitisha ni video. Zote mnazonitumia ni dakika mbili na nusu, muziki juu, chenga kumi na mbili, na kila kipande kinakatwa pale mpira unapopotea. Skauti anataka hapo hapo mlipokata. Nitumieni mechi moja nzima, dakika 90, simu iwekwe juu ya jukwaa na isimfuate mpira, hata kama walifungwa. Hasa kama walifungwa.

Mjomba wa Tanga nimemwandikia hivyo hivyo, na nikamtajia klabu mbili za Ubelgiji. Kanijibu kwa ujumbe mwingine wa sauti: je, League One nako hakuna nafasi?