Uhamaji wa kurudi: ospri wa Ziwa Tanganyika wanakwenda wapi mwezi Machi?

Februari ikielekea ukingoni, wapenda ndege wa Kigoma huanza kuulizana: ospri, wale ndege wawindaji wanaoishi kwa samaki, bado wapo? Aliyemwona mmoja karibu na mwalo wa Kibirizi huwajulisha wa Ujiji, na wa Ujiji nao hupeleka salamu kwa wenzao wa Tabora wanaozunguka bwawa la Igombe. Taarifa hizi ni ndogo, lakini kila moja ni kipande cha safari ndefu inayoitwa uhamaji wa kurudi.

Uhamaji wa ndege ni safari ya kila mwaka kati ya mahali wanapozalia na mahali wanapokaa wakati kwao hapakaliki. Ospri wengi wanaofika huku huzaliwa kaskazini mwa Ulaya na Urusi. Baridi inapokaribia, maziwa ya huko huganda, na ndege anayeishi kwa samaki hana pa kuvulia. Hapo hushuka Afrika, na kwetu huanza kuonekana Septemba na Oktoba. Hiyo ndiyo safari ya kwenda. Ya kurudi huanza Machi. Watu wa Ulaya huihesabu kuwa ya majira ya kuchipua, kwa sababu wao humpokea ndege barafu ikiyeyuka. Sisi tunamuaga masika, mvua bado zinapiga.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba ospri haondoki kwa shida. Ziwa halijapungua samaki, joto ni lile lile. Hata jua halimpi ishara kubwa: Kigoma ipo karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki saa nzima. Ndege wahamaji wana saa ya mwaka ndani ya miili yao. Ikifika wakati wake, ndege hula zaidi, hujaza mafuta mwilini, na siku moja anaelekea kaskazini. Anayewahi kufika ndiye anayekikuta kiota chake kikiwa wazi, na huko Juni mwanga wa mchana kusini mwa Ufini hudumu kwa muda wa saa 19 hivi. Kwa mzazi mwenye makinda ya kulisha, mwanga huo ni mali.

Chukua ramani uone. Helsinki ipo karibu kaskazini kabisa mwa Kigoma, umbali wa kilomita 7,200 hivi ukinyoosha mstari. Katikati kuna jangwa la Sahara na bahari ya Mediterania. Korongo huzunguka bahari kwa sababu hutegemea hewa ya moto inayopanda juu ya nchi kavu. Ospri anaweza kupiga mabawa na kuvuka. Wanaoondoka Afrika Machi huonekana Ufini na Uswidi mwezi Aprili.

Sasa, taarifa ya kumwona haina faida kama ndege mwenyewe si ospri, na hapa ndipo mkanganyiko ulipo, maana ziwa lina furukombe, tai mla samaki wa hapa hapa Afrika. Furukombe mzima hasumbui: kichwa na kifua cheupe, tumbo la rangi ya kutu, mabawa meusi, na ile sauti inayosikika mbali. Yeye ni mwenyeji, haendi Ulaya. Anayesumbua ni furukombe kijana, mwenye mabaka ya kahawia na nyeupe. Mtazame usoni na kwenye mabawa. Ospri ana mstari mweusi unaopita kwenye jicho mpaka shingoni, tumbo jeupe safi, na mabawa marefu membamba yaliyopinda kwenye kiwiko. Ya furukombe ni mapana kama ubao.

Ukimkuta ospri akivua, usiondoke. Huelea hewani mahali pamoja akipiga mabawa, kisha hujitupa miguu ikiwa mbele na kuzama mwili karibu wote. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini lake yeye ni mita moja ya juu. Nyayo zake zina vijiba vikali, na kidole cha nje hugeuka nyuma, hivyo samaki hushikwa vidole viwili mbele na viwili nyuma. Akitoka majini hujikung'uta akiwa angani, halafu humgeuza samaki kichwa kitangulie, ili upepo usimzuie. Mimi huyo samaki aliyegeuzwa ndiye hunimalizia ubishi.

Taarifa nzuri ina tarehe, mahali panapojulikana, idadi, na ndege alikuwa akifanya nini. "Nimemwona ospri Kigoma" haisaidii sana. "Machi 20, Katonga, mmoja, anaruka juu kuelekea kaskazini bila kuvua" inasaidia mno, kwani inatofautisha anayepita na anayekaa. Mwaka ule ule, mtu wa Uswidi akiandika siku aliyomwona wa kwanza kwake, taarifa hizo mbili zinasomana. Wengi huziweka kwenye eBird, mfumo wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wa kukusanya taarifa za ndege mtandaoni, ulioanza 2002. Nadhani bonde la Malagarasi na Muyovozi, ardhioevu iliyoingia mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, yaani orodha ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, linastahili macho mengi kuliko linayopata sasa.

Na ukimwona Juni au Julai? Mwandike bila woga. Ospri waliozaliwa mwaka uliotangulia hawarudi na wazazi wao. Hubaki Afrika kipindi chote hicho, na wengi hurudi kaskazini kwa mara ya kwanza wakiwa na umri wa miaka miwili hivi. Kwa hiyo ospri wa kiangazi pale Ujiji kwa kawaida ni kijana ambaye zamu yake haijafika.

Wavuvi nao wana nafasi kubwa, kwa kuwa mara nyingine wao ndio humkuta ndege aliyekufa au kunasa wavuni. Angalieni mguuni. Pete ikiwepo, yaani ile inayovishwa na watafiti ili kumfuatilia ndege, ina namba na jina la kituo kilichoivisha. Isitupwe wala isiyeyushwe: ipigwe picha pande zote, yaandikwe maandishi yake yote, mwalo na tarehe, na taarifa ipelekwe kwa ofisi ya maliasili iliyo karibu au kwa kituo chenyewe.