Calgacus hakuyasema maneno hayo

Nimeulizwa tena, na safari hii na msomaji makini, kama si kweli kwamba Calgacus, kiongozi wa Wakaledonia, watu wa kale wa Uskoti, aliwaambia wapiganaji wake kabla ya vita na Warumi kuwa Warumi huacha jangwa na kuliita amani. Maneno hayo ni ya Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi. Aliyaandika mwaka 98 katika wasifu wa baba mkwe wake Agricola, jemadari aliyeshinda vita hivyo, na nje ya kitabu hicho hatuna ushahidi wowote kwamba Calgacus aliwahi kuishi.

Kinachonichosha zaidi ni hatua inayofuata: nikishasema hivyo, muulizaji huhitimisha kuwa Tacitus ni mwongo na kitabu chake chote hakifai. La hasha! Mwanahistoria wa Kirumi alifunzwa balagha, yaani ufundi wa kutoa hotuba, tangu ujana, na wasomaji wake walitarajia atunge hotuba inayomfaa msemaji na wakati wake. Tena kiasi cha utungaji huo tunaweza kukipima, angalau mara moja. Mwaka 48 Kaisari Claudius aliiomba Seneti, baraza kuu la Roma, iwapokee kama wajumbe wake wakuu wa Gallia (Ufaransa ya leo), na sehemu ya hotuba yake imechongwa kwenye bamba la shaba lililopatikana Lyon mwaka 1528. Humo Claudius anazungukazunguka: anaanzia kwa wafalme wa kale, anakwama kwa mmoja wao, Servius Tullius, na jina lake la Kietruski, Mastarna, hata anajihimiza mwenyewe afikie hoja yake. Tacitus naye ameiandika hotuba hiyohiyo: ameyafyeka hayo, akapanga upya na kunyoosha lugha. Lakini hoja yenyewe, kwamba tangu mwanzo Roma ilikua kwa kupokea wageni, ameihifadhi.

Nina shaka mbili. Sehemu ya juu ya bamba imepotea, kwa hiyo baadhi ya tunayodhani Tacitus aliyaongeza huenda yalikuwamo. Pili, Seneti ilitunza kumbukumbu za vikao vyake, ilhali kambini kwa Wakaledonia hapakuwa na karani. Uaminifu uliothibitika Lyon siwezi kuuhamishia Uskoti.

Hata hivyo hotuba ya Calgacus ni chanzo chenye thamani kubwa, ila si kuhusu Wakaledonia. Inatuonyesha jinsi Tacitus, seneta aliyeshika cheo kikuu cha konsuli mwaka 97, mara tu baada ya kuuawa kwa Kaisari Domitian, alivyoweza kuushtaki utawala wa Roma waziwazi kwa kinywa cha adui, ndani ya kitabu kinachomsifu jemadari aliyeueneza.