Hakuna aliyetabiri dishi lako

Nimetumiwa tena ile video, safari hii na mhandisi mwenzangu, mtu anayejua hesabu kuliko mimi. Mwandishi wa riwaya Mfaransa, Jules Verne, alitabiri Apollo, ile safari ya Wamarekani kwenda mwezini, na mwandishi Mwingereza, Arthur C. Clarke, alitabiri setilaiti, na chini yake maoni ni yaleyale: wenzetu wanajua yajayo, filamu zao ni matangazo, wanatuandaa tu. Wakati wa korona ilikuwa zamu ya filamu moja ya 2011 kuhusu mlipuko wa virusi, ikageuzwa ushahidi wa njama. Waliotengeneza filamu ile walikaa na wataalamu wa virusi waliokwisha kuiona SARS ya 2003. Mtu anayeshinda maabara na virusi akikwambia vingine vinakuja, hapo hakuna njama wala ramli.

Verne nimmalize haraka. Mwaka 1865 aliandika juu ya mzinga wa futi 900 uliochimbiwa ardhini Florida, unaowafyatua watu watatu kuelekea mwezini. Mwaka 1969 watu watatu wakaondoka Florida. Basi watu wanashika vichwa. Sasa shika kalamu: kasi ya kilomita 11 kwa sekunde, ipatikane ndani ya mita 274 za mzinga. Mchapuko unatoka zaidi ya mara 22,000 ya mvutano wa dunia. Abiria wanakuwa uji kabla hawajafika kwenye mdomo wa mzinga. Verne aliweka maji chini ya sakafu ili kupunguza kishindo. Maji!

Na Florida je? Yeye alitafuta mahali ambapo mwezi hupita utosini, na kwa hilo lazima uwe ndani ya nyuzi 28 hivi kutoka ikweta. Wamarekani waliipenda kwa sababu mashariki yake ni bahari, roketi ikiharibika inaangukia majini, tena kadiri unavyoisogelea ikweta ndivyo dunia inavyokupa msukumo wa bure kwa kuzunguka kwake. Ikweta hiyohiyo ndiyo iliyowaleta Waitaliano kuweka jukwaa lao la San Marco baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, jukwaa hilo likarusha setilaiti ya kuchunguza eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina Uhuru. Hiyo sijaiona kwenye video ya mtu yeyote.

Lakini kinachoniudhi hasa ni Clarke. Siyo yeye mwenyewe, ni wanavyomsimulia.

Kwanza, alichoandika juu ya setilaiti hakikuwa hadithi. Oktoba 1945 aliandika makala ya kiufundi katika Wireless World, jarida la mafundi na wahandisi wa redio, yenye michoro na hesabu zake. Obiti yenyewe, ile njia ambayo setilaiti huzunguka sambamba na dunia hata ikaonekana imesimama pale pale angani, hakuivumbua. Mhandisi Herman Potočnik alishaieleza kitabuni mwishoni mwa miaka ya 1920, na kimo chake, kilomita 35,786 juu ya ikweta, kinatoka moja kwa moja kwenye kanuni za Kepler na Newton. Ukishajua uzito wa dunia na urefu wa siku, namba ni hiyo, upende usipende. Jibu la mlinganyo halitabiriwi.

Alichoongeza yeye, na hapa nampa heko zake, ni wazo la vituo vitatu vya kurusha mawasiliano duniani kote: nyuzi 30 mashariki, nyuzi 150 mashariki, nyuzi 90 magharibi. Hiyo ya 30 mashariki inakata ikweta maeneo ya Kasese, Uganda. Fundi dishi wa Dar anayelenga setilaiti za nyuzi 36 mashariki yuko nyuzi sita tu kutoka pale Clarke alipoweka alama yake. Safi kabisa.

Sasa soma aya inayorukwa na kila video. Katika makala ileile, kituo kina watu! Kuna makazi, kuna maabara, kuna roketi za ratiba zinazopeleka chakula na kubadilisha zamu. Kwa nini? Fikiria redio za 1945. Zilikuwa za valvu, zile chupa za kioo zenye ombwe ndani zinazokuza mawimbi, na valvu huungua. Lazima awepo mtu wa kuchomoa iliyokufa na kuchomeka mpya. Kwa hiyo ndoto halisi ya 1945 haikuwa setilaiti tunayoijua sisi. Ilikuwa kambi ya mafundi huko juu, kila mmoja na boksi lake la spea. Ukikiita hicho utabiri, basi hata mganga akikwambia "utapata mgeni" amepatia, maana mgeni lazima aje siku moja.

Muda nao aliukosa. Mwaka huohuo alikisia kwamba setilaiti ziko nusu karne mbele. Setilaiti ya Syncom 2 ikafika obiti hiyo mwaka 1963, Syncom 3 ikarusha Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na 1965 Early Bird ikaanza biashara na nafasi 240 za simu. Ndani ya hizo zote hakuna fundi aliyelala.

Nani alimwondoa fundi? Watu husema transista ya 1947, kile kidude kidogo kilichochukua kazi ya valvu. Kweli, na seli za jua za silikoni za 1954. Lakini hiyo ni nusu, na vijana wanaoanza kazi huwa hawaniamini nikiwaambia nusu ya pili: valvu haikuondoka. TWT, ile inayokuza nguvu ya mawimbi kwenye transponda nyingi hadi leo, yaani vile vipokezi vya setilaiti vinavyorudisha mawimbi duniani, ni valvu. Ina ombwe, ina kathodi ya moto inayotoa elektroni, ina kila kitu. Inapiga kazi miaka 15 bila kuguswa na mkono wa mtu. Clarke alipatia kwamba valvu itakuwepo kule. Hakuona kwamba kuna watu watahangaika na kathodi mpaka ivumilie. Kazi hiyo haina riwaya, na siamini kama kuna mtu angeinunua.

Halafu yajayo yenyewe yakageuza njia. Kwetu setilaiti ndiyo ilikuwa kesho: kituo cha setilaiti cha Longonot, Kenya, mwaka 1970. Simu ya nje ilipanda na kushuka, nusu sekunde ikapita kabla jibu halijarudi, kila mtu akimkatiza mwenzake. Mwaka 2009 na 2010 mikongo ya SEACOM, TEAMS na EASSy ikatua pwani, na sehemu kubwa ya mawasiliano ikahamia chini ya bahari, huko ambako waya wa telegrafu ulishafika Zanzibar mwaka 1879. Na sasa Starlink, intaneti ya setilaiti zilizo kilomita 550 hivi, juu tena. Usiniambie basi kwamba yote yameandikwa mahali na sisi tunasubiri kipindi kianze.

Kuna jambo moja linanisumbua, na video ikilitaja nitanyamaza. Tsiolkovsky na Oberth walimsoma Verne. Goddard alimsoma H. G. Wells, mwandishi mwingine wa hadithi za kisayansi, akiwa kijana. Hao watatu ndio baba wa roketi. John Pierce wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu Marekani, mmoja wa waliotufikisha kwenye setilaiti za mawasiliano na kwenye hiyohiyo TWT, alikuwa akiandika hadithi za kisayansi kwa jina la J. J. Coupling. Wangapi walisoma vitabu hivyohivyo wakafunika, wakalala? Hao hawahesabiwi. Najiambia roketi zingekuja hata bila Verne. Kisha nikiwatazama wote watatu kwa pamoja, uhakika unanitoka.

Ila angalia alichofanya Oberth kijana. Hakuuamini ule mzinga. Alipiga hesabu, akaona abiria hawaponi, akaanza kutafuta namna nyingine ya kwenda.